Kuweka tabo kubwa kwenye injini: maana yake hasa ni nini?

Wapenzi wa magari ya michezo wakikutana mbele ya gari lililofunguliwa boneti, swali la kwanza huwa lilelile: "Unapiga presha ngapi?" Swali lina utamu wake, lakini mtu anayetaka kung'oa tabo (kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini) ya kiwandani na kufunga kubwa zaidi likimwongoza litampoteza. Tabo kubwa haipimwi kwa presha. Inapimwa kwa uzito wa hewa inayoweza kupitisha kila dakika bila kuichemsha kupita kiasi.

Kifaa chenyewe ni feni mbili zilizofungwa kwenye shafti moja. Moja inakaa kwenye njia ya ekzosi na kuzungushwa na moshi wa moto unaotoka kwenye silinda. Nyingine, upande wa pili wa shafti, inavuta hewa safi na kuisindilia ndani ya injini. Hewa ikizidi, petroli nayo inaweza kuzidi, na hapo ndipo nguvu inapatikana. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya wazo hili mwaka 1905, na kimsingi ni lilelile hadi leo. Tabo ya gari la petroli huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na moshi unaoisukuma unaweza kukaribia nyuzi 1,000 za Selsiasi.

Sasa, tabo ndogo na tabo kubwa zote mbili zinaweza kusoma bar 1 kwenye geji (yaani bar 1 juu ya presha ya kawaida ya hewa, ambayo ni kama maradufu yake), halafu zikatoa nguvu tofauti kabisa. Kwa nini? Chukua hewa ya nyuzi 27. Tabo inayofanya kazi kwa ufanisi wa asilimia 70 ikiibana hadi presha yake iwe maradufu, hewa hiyo itatoka ikiwa na takriban nyuzi 120. Tabo ndogo iliyolazimishwa hadi ufanisi wake ukashuka kufikia asilimia 55 itaitoa kwenye nyuzi 145 hivi. Geji inasoma kilekile, lakini hewa ya pili imetanuka, kwa hiyo ni nyepesi zaidi. Intakula, kipoza hewa kinachokaa kati ya tabo na injini, itaipoza, ila si yote, na injini yenye hewa ya moto hupenda kugonga, yaani mchanganyiko kulipuka wenyewe kabla ya wakati wake. Upande wa ekzosi nako kuna hesabu yake: feni ndogo huwa kama kizibo, moshi unarundikana nyuma yake na mwingine kubaki ndani ya silinda. Ukifunga kubwa, injini inapumua. Ndiyo maana gari linaweza kuongezeka nguvu bila presha kupandishwa hata kidogo.

Kupata picha ya kiasi cha hewa tunachozungumzia, mafundi wengi hutumia kadirio kwamba nguvu farasi 400 zinahitaji karibu kilo 18 za hewa kwa dakika. Hiyo ni kama mita 15 za ujazo, yaani hewa yote ya chumba cha mita 2 kwa 3 chenye dari ya mita 2.5, imemezwa ndani ya dakika moja.

Gharama yake ni muda. Hapa watu huchanganya mambo mawili na kuyaita yote "lagi". La kwanza ni kizingiti: mizunguko ya injini ambayo chini yake moshi hautoshi kusukuma feni hata ukisubiri. Uko gia ya nne, mizunguko 2,500 kwa dakika, unakanyaga mafuta hadi mwisho, na geji haitoki sehemu ya chini. Hiyo si lagi. Tabo haijachelewa, bado haijafikiwa. Dawa ni kushusha gia. La pili ndilo lagi yenyewe: umeshavuka kizingiti, moshi upo wa kutosha, umekanyaga, na bado unasubiri feni ishike kasi. Feni kubwa hukaidi kuanza kuzunguka, na ukaidi huo haupandi sambamba na ukubwa. Kwa feni za umbo moja na metali ileile, unapanda kwa kipeo cha tano cha kipenyo. Ongeza kipenyo kwa asilimia 20 tu, na ukaidi unakaribia mara mbili na nusu.

Porsche 911 Turbo ya mwaka 1975 ilipata jina kwa sababu hiyo. Dereva anakanyaga katikati ya kona, haoni kitu, anakanyaga zaidi, kisha nguvu yote inamfikia kwa mkupuo mmoja huku injini nzito ikiwa nyuma ya magurudumu ya nyuma. Wahandisi wa Toyota walijaribu njia nyingine kwenye Supra iliyotoka mwaka 1993: tabo mbili zinazopokezana, moja ikianza kazi chini na ya pili kuungana nayo juu. Mfumo mzuri, ila una mirija mingi kweli. Wengi wanaoifanyia kazi injini ya Supra hiyo, iitwayo 2JZ-GTE, huanza kwa kuzitoa tabo zote mbili na kuweka moja kubwa. Wanapata nguvu nyingi juu, na wanapoteza ule utiifu wa chini ambao Toyota iliuhangaikia.

Zipo njia nyingine za kupunguza kusubiri. Beringi za gololi kwenye shafti hupunguza msuguano na kusaidia kidogo. Ganda la upande wa ekzosi lenye njia nyembamba huharakisha moshi na kushusha kizingiti, ingawa linaanza tena kubana mizunguko ikipanda. Porsche nayo mwaka 2006 iliweka kwenye 911 Turbo tabo zenye mapanga ya kuelekeza moshi, yaliyoizunguka feni ya ekzosi, ambayo hubadilisha pembe yakiwa kazini. Kwa gari la kutembelea barabarani, ushauri wangu ni kuchagua tabo ndogo kidogo kuliko ile unayoiota. Namba kubwa ya nguvu farasi inayopatikana kwenye mizunguko 7,000 utaifurahia mara chache sana.

Hewa ikiongezeka, petroli lazima iifuate. Injini ya petroli ikifanya kazi kwa nguvu zote za tabo huhitaji, kwa uzito, takriban sehemu 11 hadi 12 za hewa kwa sehemu moja ya petroli. Kwenye mizunguko 6,000, mzunguko mzima wa kazi wa silinda moja, ambao ni mizunguko miwili ya injini, huchukua milisekunde 20 tu. Kama injekta, kinachopulizia petroli, ilikuwa tayari inabaki wazi milisekunde 17 kati ya hizo kabla hujabadilisha tabo, hakuna pa kuongezea. Basi injekta kubwa, pampu ya mafuta kubwa, na kompyuta ya injini isetiwe upya. Anayefunga tabo kwanza na kuacha kuseti "hadi mwisho wa mwezi" anacheza na pistoni zake.

Kuna jambo ambalo huwashangaza wengi: tabo kubwa wakati mwingine ni rafiki wa konrodi (fimbo inayounganisha pistoni na shafti kuu ya injini) kuliko tabo ndogo iliyopandishwa presha. Kinachopinda konrodi zaidi ni torki (nguvu ya kuzungusha) kubwa inayokuja mapema, mizunguko ikiwa chini, na tabo ndogo iliyokazwa hutoa hiyohiyo. Tabo kubwa huchelewa, na nguvu yake inatokana zaidi na mizunguko. Hii si ruhusa ya kuacha vyuma vya kiwandani kwenye kila injini. Klachi na gasketi ya silinda hedi zitakuja kudai zamu yao.

Ukiichagua kubwa kupita kiasi, unaweza kupata tatizo la hewa kurudi nyuma: feni inasindilia kuliko injini inavyoweza kumeza, hewa inageuka, na unasikia sauti ya kukatakata ukiwa umekanyaga mafuta. Beringi zinaumia kila inapotokea. Watengenezaji huchora ramani ya kila tabo ikionyesha mpaka huo, na fundi asiyeiangalia kabla ya kuagiza anabahatisha.

Na ukishafunga, angalia bomba la kurudisha oili. Oili hushuka kwa uzito wake tu, hakuna pampu inayoinyonya. Bomba likiwa jembamba, limekunjwa, au linapanda kabla ya kushuka, oili hujaa katikati ya tabo na kupenya kwenye sili. Gari linatoa moshi wa bluu, na mwenye gari anarudisha tabo mpya dukani akidai ameuziwa mbovu.