Acheni Kunitajia Wapiga Mishale

Wiki hii nimeambiwa tena. "Kaka, ile gemu ya King Arthur mbona nyepesi? Unajaza wapiga mishale jeshi zima, unakaa kilimani, basi." Aliyeniambia ni kijana mwenye akili zake, na sauti yake ilikuwa ya kunihurumia. Nikamuuliza alifika wapi. Akasema aliacha njiani, ilimchosha. Ningeshangaa kama isingemchosha.

Naongelea King Arthur: The Role-playing Wargame ya 2009, gemu ya kompyuta juu ya Mfalme Arthur wa hadithi za kale za Uingereza, kazi ya NeocoreGames wa Budapest, Hungaria. Siongelei ile ya pili ya 2012, ambamo unamwongoza William Pendragon, mwana wa Arthur, wala Knight's Tale ya 2022, ambayo unapigana kwa zamu na kikosi cha watu wachache. Studio ni moja, gemu ni tatu tofauti, na mabishano mengi yangeisha mtu akitaja kwanza anaongelea ipi. Ya 2009 ina faida nyingine kwetu: ni ya zamani kiasi kwamba haihitaji mashine ya kifahari.

Haya, mishale. Sitaki nionekane nakataa jambo lililo wazi. Gemu ilipotoka, wapiga mishale walikuwa wamezidi. Waliolalamika walilalamika kwa haki, na viraka vilivyofuata, yaani masahihisho ya gemu yanayotolewa baadaye, vikawapunguza makali. Hata baada ya hapo bado ni vikosi vizuri, na mimi mwenyewe sijawahi kuingia vitani bila wao. Kwa hiyo anayesema wapiga mishale wana nguvu, tumekubaliana. Ugomvi wangu ni na lile neno "basi" mwishoni mwa sentensi.

Kuna mfumo wa vituo vya ushindi ambao watu wa kilimani wanajifanya hawauoni. Kwenye kila uwanja wa vita kuna sehemu kadhaa za kushikilia. Upande unaoshikilia nyingi zaidi unaila ari ya mwenzake polepole, na ari ikiisha vita vimeisha, hata kama mlimani kwako wamesimama wapiga mishale wazima wenye podo zimejaa. Baadhi ya vituo vinakupa na uchawi wa kutumia papo hapo. Kijana wangu alikuwa na jibu tayari: adui akienda kushika vituo anatawanyika, na akitawanyika unamchoma kipande kwa kipande. Ni kweli. Hapo amegusa kitu ambacho mimi pia kinanisumbua. Nadhani vituo viliwekwa ili mtu asijichimbie sehemu moja akasubiri, lakini kwa kumlazimisha kila mmoja agawe jeshi lake, vikawafaidisha walewale wanaoua kwa mbali. Dawa ikaongeza ugonjwa. Na siku nyingine vita vinageuka mbio tu, farasi wepesi wanakimbilia vituo huku askari wa miguu wakihema nyuma. Nautetea mfumo huu mbele ya watu, ila nikiwa peke yangu sina uhakika kama nautetea kwa sababu ni mzuri au kwa sababu nimeuzoea.

Lakini tuseme umeshinda. Tuseme unashinda kila vita kwa mishale na hupotezi hata kikosi. Umefika wapi? Hapa ndipo nachoka na hii hoja, kwa sababu inachukulia kwamba kinachomzuia mtu kwenye gemu hii ni vita. Vita ndiyo sehemu inayoonekana, ina rangi na kelele, kwa hiyo watu wanadhani ndiyo gemu yenyewe. Wanaiita Total War ya maskini, ule mfululizo maarufu wa gemu za vita vya majeshi makubwa, wanaicheza kama Total War, kisha wanakasirika kwa kuwa Total War hiyo haikukamilika.

Fungua ramani kubwa uitazame. Zamu moja ni msimu mmoja. Masika, kiangazi, vuli, unatembea: unapeleka majeshi, unateka majimbo, unatuma mashujaa kwenye kazi zao. Halafu inakuja baridi. Ramani yote inageuka nyeupe na majeshi hayasogei. Mtu wa mishale akiona theluji anabofya zamu inayofuata haraka haraka, kama tangazo la biashara limemkatizia filamu. Mimi hapo ndipo ninapovuta kiti. Zile zamu tatu zilikuwa za kukusanya, na baridi ni ya kuamua: dhahabu imebaki ngapi, chakula kitatosha jeshi hili au nimelilisha kupita uwezo wa majimbo yangu, nani amepata uzoefu na autumie kwa nini, ngomeni nijenge nini kwanza.

Chakula hasa. Kila kikosi kinakula dhahabu na kinakula chakula, kiwe kinapigana au kimekaa. Watu wanahesabu dhahabu kwa sababu tumezoea gemu za dhahabu, halafu chakula kinawashika shingoni. Jeshi la mishale mitupu linalokupa ushindi mwepesi masika linakushawishi uchukue majimbo mengi kuliko unavyoweza kuyalinda. Mipaka inapanuka, jeshi ni moja, haliwezi kuwa mashariki na magharibi kwa wakati mmoja, unaunda la pili, la pili linataka kula. Kufika baridi ya tatu unauza shati. Hapo ndipo watu husema "ilinichosha".

Na mashujaa. Jamani, mashujaa!

Wewe ni Arthur, lakini Arthur haonekani vitani. Hana kikosi, hana farasi, hapandi levo. Wanaopigana ni watu wa Meza ya Duara, yaani mashujaa wanaoketi na Arthur kwenye meza yake, na kila mmoja ana tabia na vipaji vyake: huyu jemadari, huyu wa uchawi, huyu wa kuingia mstari wa mbele na kupasua. Unawapa silaha na vifaa vya ajabu, unawapa majimbo ya kutawala, unawaoza wake. (Ndiyo, wake. Mwanamke anagawiwa na faida zake zimeandikwa pembeni, karibu kama unavyogawa upanga. Nimeicheza sana gemu hii na bado skrini ile inanifanya nitazame kando.) Kumpa mtu jimbo kuna maana mbili. Moja, jimbo linaendeshwa kwa tabia za mtawala wake, kwa hiyo mpiganaji hodari anaweza kukuharibia mapato ya mwaka mzima. Mbili, uaminifu. Shujaa asiyepewa kitu anakumbuka kwamba hajapewa kitu. Utamwona mwenzako ana mashujaa wazuri, majimbo yote kayashika mwenyewe kwa uchoyo, halafu anashangaa watu wake wamenuna.

Ushauri wa harakaharaka, maana hili nikiendelea nalo tutalala hapa: usiwape majimbo kwa mpangilio wa waliokuja kwanza. Soma tabia. Mwenye kichwa cha kutawala apewe shamba zuri, mwenye mkono wa kupigana apewe upanga na jimbo dogo la kumtuliza roho. Na uzoefu usiugawe sawa kwa sawa kwa ajili ya haki, kwa sababu haki ya namna hiyo itakupa mashujaa wote wa wastani.

Sasa kitu ambacho wapiga mishale hawawezi kukufanyia kabisa. Gemu hii ina kazi za maandishi. Unampeleka shujaa mahali kwenye ramani, na badala ya uwanja wa vita inakufungulia ukurasa wa hadithi. Unasoma aya, chini yake una chaguo kadhaa, na kinachotokea kinategemea na unayemtuma ni nani. Mwenye maneno anaweza kupita kwa maneno, mwenye elimu ya mambo ya kale ataona kitu ambacho mbabe hakioni, na mbabe naye kuna milango anaifungua kwa bega. Ukichagua vizuri unaweza kuepuka vita ambavyo vingekugharimu msimu mzima. Ukichagua vibaya unajikuta vitani ukiwa hujajiandaa. Kwenye kurasa hizo ndiko unakopata washirika, vifaa, na sehemu kubwa ya mwelekeo wa utawala wako.

Tatizo letu hapa ni la wazi: maandishi yote ni ya Kiingereza, tena kile cha kishairi cha ukungu na viapo, na ni mengi. Vijana wengi ninaowaona wakicheza wanabofya chaguo la kwanza bila kusoma, ili warudi vitani upesi. Siwalaumu sana kwa lugha. Nawalaumu wanapokuja kuniambia gemu haina kitu zaidi ya vita, wakati nusu yake wameiruka kwa kidole. Nilikaa na mmoja tukasoma kazi moja pamoja, namfafanulia kwa Kiswahili aya kwa aya, na alianza kubishana na mimi tumtume nani. Hakutaja mishale hata mara moja.

Chaguo hizo zinakusogeza kwenye chati ya maadili, na hapa kuna kosa la pili ambalo nalisikia kila mara. Chati ina mihimili miwili. Mmoja unatoka Ukristo kwenda Imani ya Kale, ile dini ya jadi ya kabla ya Ukristo, mwingine unatoka mtawala wa haki kwenda dhalimu. Watu wanakaa katikati, wakidhani katikati ndiyo busara, hawamuudhi mtu. Lakini kadiri unavyosogea kuelekea pembe ndivyo vinavyofunguka vikosi, uchawi na mashujaa wa upande huo. Anayekaa katikati anamaliza gemu na makombo ya pande zote. Chagua pembe mapema, kisha soma kila kazi ukiikumbuka pembe yako, hata pale chaguo la upande wa pili linapokuwa tamu zaidi. Na kumbuka pembe hiyo itawavuta baadhi ya mashujaa na kuwaudhi wengine.

Kuna wanaosema Imani ya Kale ni kumsaliti Arthur, kwamba "Arthur wa kweli" alikuwa mfalme Mkristo na viumbe wa msituni wameongezwa na watengeneza gemu. Arthur wa kweli yupi? Geoffrey wa Monmouth, mwandishi aliyemfanya maarufu miaka ya 1130, hakuwa na Meza ya Duara. Meza ililetwa na mshairi Wace mwaka 1155. Lancelot, shujaa maarufu wa Meza hiyo, akaja na mshairi Mfaransa Chrétien de Troyes baada ya hapo. Upande mwingine, Avalon, kisiwa cha ajabu, iko kwa Geoffrey tayari: upanga wa Arthur ulifuliwa huko na mfalme aliyejeruhiwa akapelekwa huko. Kwa hiyo kisiwa hicho kiliingia kwenye hadithi kabla ya Meza ya Duara. Kila karne iliongeza chake, na Wahungaria hawa wa 2009 wameongeza chao. Ukitaka kuwakataza, anza kwanza kwa kumtoa Lancelot.

Mimi hucheza dhalimu wa Imani ya Kale, kwa taarifa yenu, kwa sababu vikosi vyake vinanifurahisha. Kama pembe hiyo ndiyo yenye nguvu kuliko zote, hilo ni suala jingine, na nimewahi kubadili mawazo juu yake. Siku nikicheza Mkristo wa haki najiona natembea kwa amani zaidi, ila sijui ni gemu imekuwa nyepesi au ni mimi nimetulia.

Mengine niyapitie upesi. Nyongeza ndogo za vifaa na mashujaa: nunua zikishuka bei, usizilie. Kumaliza vita bila kuvipigana, kwa kubofya kitufe cha matokeo ya haraka: vita vidogo sawa, vikubwa nenda mwenyewe. Msitu: wepesi wako waingie, wenye silaha nzito wakae nje, na hapo mishale ya adui haitakusumbua sana (ndiyo, na yako pia haitamsumbua aliye ndani, ewe mtu wa kilimani). Kusevu: sevu mwanzoni mwa baridi.

Jeshi langu mimi, kwa anayetaka kujua, huwa na wapiga mishale wachache nyuma, mikuki mbele yao, farasi wepesi wa vituo, na shujaa mmoja mwenye uchawi ambaye nimemlisha uzoefu wa baridi kadhaa mfululizo. Yule wa uchawi anafanya kazi ya vikosi kadhaa na anakula chakula cha kimoja. Hesabu hiyo uifanye wewe mwenyewe.

Na kama baada ya yote haya bado unataka kuteka tu, bila hadithi, bila kusoma, bila mashujaa wenye manung'uniko yao, ipo nyongeza ya The Saxons ya 2010. Unacheza upande wa Wasaksoni, maadui wa Arthur, hadithi imewekwa kando, ramani iko wazi uiteke upendavyo. Kijana wangu nimempa jina hilo. Kilima atakitafuta mwenyewe, lakini theluji huko pia inaanguka.