“Nikikaa sina ugonjwa”: mfereji wa mgongo unapofinyika

“Daktari, nikikaa mimi si mgonjwa. Nikisimama ndipo ugonjwa unapokuja.”

Mama aliyeniambia maneno hayo alikuwa ametibiwa magoti kwa miaka miwili. Magoti yake yalikuwa yamechakaa kidogo, kama ya watu wengi wa umri wake, lakini siyo yaliyomzuia kutembea. Nilimwomba tutembee pamoja kwenye korido. Alianza vizuri. Baada ya dakika tatu hivi mwili ulianza kuinama, mkono ukashuka kwenye paja, kisha akaegemea kizingiti cha dirisha huku ameukunja mgongo. “Sasa inapoa,” akasema. Goti haliwezi kupoa kwa sababu tu mgongo umeinama. Hapo nilijua pa kutafuta.

Kila pingili ya mgongo ina tundu kwa nyuma, na matundu hayo yakipangana yanatengeneza mfereji. Uti unaoshuka kutoka kwenye ubongo huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo kuna shada la mishipa ya fahamu inayokwenda miguuni, kwenye kibofu na kwenye njia ya haja kubwa. Shada hilo huitwa mkia wa farasi, na ukiliona kwa macho hushangai kwa nini.

Kwa mtu mzima, mfereji wa kiuno huwa na takriban milimita 15 hadi 25 kutoka mbele kwenda nyuma. Ukipungua chini ya 10, nafasi imebana sana. Mara nyingi kinachoula mfereji si kitu kimoja. Diski, yaani mito laini iliyo kati ya pingili, hupungukiwa maji na kutokeza kwa nyuma, viungo vidogo vya pingili huota mfupa, na ile kano ya njano iliyo nyuma ya mfereji, ambayo ujanani huvutika kama mpira, hunenepa na kukakamaa. Kwa wengine pingili ya nne huteleza mbele juu ya ya tano. Wapo pia waliozaliwa na mfereji mwembamba, hao hata uchakavu mdogo huwatosha kuumwa mapema.

Ukisimama wima, kano hiyo hujikunja kuelekea ndani na kubana mishipa. Ukiinama, inavutika na nafasi inaongezeka. Ndiyo maana mtu anayeshindwa kutembea mita 100 anaweza kuendesha baiskeli muda mrefu bila shida, na ndiyo maana kusukuma kigari kunampa nafuu. Matako, mapaja na vigimbi huwaka, hufa ganzi au huwa vizito, kisha akikaa dakika chache vyote vinatulia.

Mishipa ya damu iliyoziba miguuni nayo huleta maumivu ya kutembea, ila huyo akisimama tu panapoa, hahitaji kukaa wala kuinama. Kwa hiyo kabla sijaangalia picha yoyote huwa napapasa mapigo ya damu juu ya unyayo. Ganzi ya kisukari ni nyingine: huanzia vidoleni na kwa kawaida haijali kama umekaa au umesimama. Mtu mmoja anaweza kuwa na matatizo yote matatu, na hapo ndipo subira ya kumsikiliza inapolipa.

Nalisisitiza hili kwa sababu picha inadanganya. Daktari Mholanzi Henk Verbiest aliueleza ugonjwa huu kwa kina mwaka 1954, MRI, kipimo kinachopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, ikiwa bado haijabuniwa. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani waliwapiga MRI watu 67 ambao hawakuwahi kuumwa mgongo. Kati ya wenye miaka 60 na zaidi, karibu mmoja kati ya watano alikuwa na mfereji uliofinyika, na hakuwa akiumwa. Miaka yangu ya mwanzo nilimpasua mgongo mzee mmoja ambaye picha yake ilikuwa mbaya kweli. Maumivu ya kinena hayakuondoka. Nilipoizungusha nyonga yake, wiki kadhaa baadaye, akaruka kwa uchungu: kumbe maumivu yalitoka kwenye nyonga. Nilipaswa kuizungusha kabla ya upasuaji, na tangu siku hiyo sijawahi kuruka hatua hiyo.

Matibabu hayaanzi kwa kisu. Wengi hubaki walivyo kwa miaka bila kuzorota. Mazoezi ya kukunja mgongo, kuimarisha tumbo na nyonga, na baiskeli ya mazoezi huwasaidia wengi, mradi yafanywe kwa miezi, si kwa wiki moja. Dawa za maumivu zitumike kwa uangalifu, hasa zinazoweza kudhuru figo na tumbo. Sindano za steroidi (dawa za kutuliza uvimbe) mgongoni siziharakishi. Utafiti wa mwaka 2014 uliohusisha wagonjwa 400 ulionyesha kwamba baada ya wiki sita, sindano ya dawa ya ganzi iliyochanganywa na steroidi ilikuwa na faida ndogo sana, au haikuwa nayo kabisa, ukilinganisha na dawa ya ganzi peke yake.

Yule mama alifanya mazoezi miezi mitano, bado hakuweza kusimama jikoni hadi chakula kiive, akachagua upasuaji. Tunaondoa sehemu ya mfupa wa nyuma pamoja na kano iliyonenepa. Utando unaofunika mishipa huwa umebonyea. Kano ikitoka, unajaa taratibu na kuanza kudunda. Nimeona jambo hilo mara nyingi na bado huwa nasimama kidogo kulitazama. Kuunga pingili kwa skrubu si lazima kwa kila mtu: utafiti wa Sweden wa mwaka 2016 haukuona faida ya kuongeza kuunga pingili ukilinganisha na kupanua mfereji peke yake. Niliyomwambia yeye nawaambia wote: maumivu ya miguu hupungua zaidi kuliko ya kiuno, ganzi huchelewa kuondoka au hubaki, na utando unaweza kuchanika au kidonda kupata maambukizi.

Shingo ni habari nyingine, kwa sababu pale kinachobanwa ni uti wenyewe. Mtu anashindwa kufunga vifungo vya shati, mwandiko unaharibika, anayumba akitembea, pengine bila maumivu yoyote. Huyo nisingependa asubiri, maana kinachopotea mara nyingi hakirudi chote.

Na popote ulipobanwa, mkojo ukikataa kutoka au kutoka bila wewe kujua, haja kubwa ikikuponyoka, sehemu za siri na katikati ya mapaja zikifa ganzi, au miguu ikiishiwa nguvu ghafla, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda hospitali usiku huohuo, na useme neno mkojo mlangoni, kabla hujaanza kuelezea mgongo.