Metha ya kikombe si metha ya kijiweni

Mwezi huu nimelisikia mara tatu: "Serikali inakamata metha, halafu hospitali inagawa metha bure." Mara ya mwisho msemaji alikuwa shemeji yangu, na hakuwa akitania. Mwanawe anavuta vitu vyeupe kama chembe za chumvi ya mawe. Shemeji aliposikia kuna kliniki ya metha, alimpakia kijana kwenye daladala alfajiri wakapange foleni. Saa sita walikuwa wamesharudi, mikono mitupu.

Methamfetamini, anayovuta kijana wetu, ni kichangamshi: humwaga dopamini, kemikali ya raha, kwa wingi kwenye ubongo, moyo ukaenda mbio, njaa na usingizi vikayeyuka. Methadoni, inayotolewa kliniki, ni ya ukoo wa afyuni, ndugu wa mofini, ile dawa kali ya maumivu. Anapewa mraibu wa heroini ili arosto, yaani mateso ya kukosa dawa, isimshike. Basi.

Kinachoniudhi ni hiyo "metha". Imetoka kwenye "methili", neno lililokatwa kutoka "methilini", iliyoundwa na wanakemia Wafaransa, Dumas na Péligot, miaka ya 1830. Waliunga maneno mawili ya Kigiriki, la divai na la mti, kwa sababu walikuwa wakichunguza spiriti inayopatikana kwa kuunguza mbao. Leo methili ni kipande cha kaboni 1 na hidrojeni 3, kinachobandikwa kwenye kemikali chungu nzima. Imo hata kwenye spiriti ya fundi seremala, na hakuna aliyemwita fundi teja. Kuzifanya dawa hizi kuwa moja kwa ajili ya methili ni kudai mwanasheria na mwanakondoo ni ukoo mmoja kwa kuwa wote ni "mwana". Hata makwao ni mbali: methamfetamini ilitengenezwa kwanza Japani, 1893, methadoni Ujerumani, mwishoni mwa miaka ya 1930.

Na ukiwatazama watumiaji, hutahitaji Kigiriki. Mtu wa unga, yaani heroini, husinzia wima, akainama polepole mpaka kipaji cha uso kikaribie magoti, na haanguki. Kijana wetu alikesha akiifungua redio, akapanga skrubu kwa ukubwa kwenye mfuniko wa sufuria, na saa tisa usiku akawa anachungulia dirishani akidai kuna watu juu ya mwembe.

Kliniki ya methadoni ipo Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, tangu 2011: unafika kila siku, unakunywa dawa yako mbele ya mhudumu. Methamfetamini haina kikombe chake. Tiba yake ni ushauri nasaha na muda mrefu, na kama mtu anaona wasioonekana, aanzie kwa daktari wa afya ya akili. Soba, yaani nyumba za upataji nafuu, zinafuata hapo. Nyingi ni za wanaume, wanakaa miezi pamoja na wenzao walioacha.

(Mwishoni mwa 2023 zilipotangazwa kilo 3,182 za heroini na methamfetamini zilizokamatwa, mtaani kwetu habari ilifika kama "tani tatu za unga". Nilinyamaza.)

Shemeji, hukukosea kumtoa kijana nyumbani, ulikosea foleni tu. Piga 119, ni namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, uulizie soba ya wanaume iliyo karibu. Wakikuuliza anatumia nini, usiseme metha. Litamke jina lote, hata kwa vipande.