Kihisi cha Mtiririko na Maji Yanayovuja Bustanini

Kihisi cha mtiririko ni kifaa kidogo kinachofungwa kwenye bomba ili kupima kiasi cha maji yanayopita kwa dakika. Ndani ya aina iliyozoeleka mna gurudumu dogo lenye mapezi na sumaku. Maji yanapolizungusha, mapigo ya umeme hutumwa kwenye kidhibiti, nacho huyahesabu na kuyageuza kuwa lita. Kifaa chenyewe hakijui kuvuja ni nini. Kinachofichua uvujaji ni tofauti kati ya maji yaliyopita na maji yaliyotarajiwa kupita, ndiyo maana kihisi kisichopimiwa kiwango cha kawaida cha bustani husika ni pambo tu.

Tuseme mtu wa Dagoretti ana matuta ya sukuma wiki yanayomwagiliwa kwa mipira ya matone yenye matundu 120, kila tundu likidondosha lita 2 kwa saa. Jumla ni lita 240 kwa saa, yaani lita 4 kwa dakika. Siku ambayo kihisi kinasoma lita 6, huenda jembe limekata mpira wakati wa palizi au kiungo kimechomoka. Kikisoma lita 2 na nusu, huenda si uvujaji bali chujio au matundu yameziba. Vali zote za bustani zikiwa zimefungwa na bado mapigo yanahesabiwa, ama bomba linavuja kati ya kihisi na vali, ama vali mojawapo haizibi sawasawa.

Macho pekee hayatoshi, kwa kuwa udongo mwekundu wa upande huo wa Nairobi hunywa maji upesi, na bomba lililofukiwa laweza kuvuja kwa muda mrefu bila dimbwi kuonekana. Huko Embakasi shida ni nyingine: udongo mweusi hutanuka wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, ukivuta viungo vya mabomba.

Mgao wa maji nao huleta kengele za uongo. Bomba lililokaa tupu hujaa hewa, na maji yanaporudi hewa hiyo hulizungusha gurudumu kana kwamba ni maji, kwa hiyo ni afadhali kihisi kifungwe baada ya tangi kuliko kwenye laini ya jiji. Hata hivyo, presha ya tangi hupungua kadiri maji yanavyoshuka, hivyo kiwango cha kawaida kipimwe tangi likiwa limejaa na tena likikaribia kwisha.

Udhaifu mkubwa zaidi ni uvujaji mdogo. Vihisi vingi vya bei nafuu havisomi vizuri mtiririko ulio chini ya lita 1 kwa dakika, ilhali uvujaji wa lita 0.2 tu kwa dakika hupoteza lita 288 kwa siku. Hapo chaki husaidia kuliko umeme: saa nne usiku funga maji yanayoingia kwenye tangi, vali za bustani na mifereji ya nyumba, kisha tia alama kwenye usawa wa maji. Ikiwa bomba lililo kati ya tangi na vali linavuja kwa kiasi hicho, kufikia saa kumi na mbili asubuhi tangi la mviringo lenye upana wa mita 1 litakuwa limeshuka takriban sentimita 12.