Kuchoma waya si kurejeleza

Kijana akipita mtaa wa Soweto, hapa Mbeya, na mkokoteni akinunua simu mbovu kwa bei ya kutupa, watu wanasema anarejeleza. Fundi wa Mwanjelwa akibadilisha kioo cha simu, naye anarejeleza. Wanaochoma waya jioni ili wapate shaba, hao pia wanarejeleza. Hili la mwisho nimelisikia likisemwa kwenye kikao cha mazingira hapa Mbeya, na watu wakapiga makofi.

Kurejeleza ni kukirudisha kitu kilichokwisha matumizi kiwe malighafi, na malighafi hiyo itengeneze kitu kingine. Basi. Kama umeambulia malighafi moja na nyingine zote umezimwaga mtaroni au umezipeleka hewani, ulichofanya ni kuchambua, tena kwa hasara.

Fundi tumtoe kwanza, maana anachofanya kina thamani kuliko urejelezaji. Anayetoa spika kwenye simu kimeo akaifunga kwenye simu nyingine anaizuia hiyo ya pili isiwe taka. Sehemu kubwa ya uchafuzi wa simu hutokea kiwandani, kabla hujaishika mkononi, kwa hiyo kila mwaka unaoongezeka wa kuitumia ni mwaka ambao simu mpya haijahitajika. Hiyo inaitwa kutengeneza na kutumia tena, na inatangulia urejelezaji.

Sasa waya. Ganda la waya nyingi ni plastiki ya PVC, na ndani yake mna klorini. Ukiichoma kwenye moto wa wazi unatengeneza dioksini, sumu zinazokaa mwilini miaka mingi, na shaba yenyewe ndiyo huchochea zitengenezeke. PVC ya zamani mara nyingi ina madini ya risasi pia, nayo ni sumu. Moshi ukishapeperuka risasi inabaki kwenye majivu, na majivu hayo nimeyaona yakimwagwa hatua chache kutoka kwenye tuta la mchicha. Mchomaji anaondoka na shaba iliyosinyaa na kuwa nyeusi, wakati angeimenya kwa kisu ingetoka inang'aa. Kumenya kunachosha vidole, sikatai. Lakini kuita moto ule urejelezaji ni kuupa heshima usiyostahili, na anayeulipia ni mtoto wa nyumba ya jirani anayelala akikohoa msimu wa baridi.

Bodi za simu na kompyuta, vile vibao vya ndani vinavyobeba vipande vya umeme, ndizo zinazoonyesha tofauti hii vizuri zaidi. Tani moja ya bodi za simu huwa na dhahabu nyingi kuliko tani ya mwamba wa kawaida wa mgodini, jambo ambalo ndugu zetu wachimba dhahabu wa Chunya watalielewa haraka. Kuitoa salama ndiyo kazi. Kiwanda kama kile cha Hoboken, Ubelgiji, huyeyusha bodi pamoja na shaba kwenye tanuru, husafisha gesi zinazotoka, kisha hutenganisha dhahabu, fedha, paladi na shaba hatua kwa hatua. Hata huko si kila kitu kinarudi: metali ya tantali hupotelea kwenye mabaki ya tanuru, na plastiki ya bodi huungua pamoja na mzigo. Sasa linganisha na mtu aliyeweka bodi juu ya jiko la mkaa, anavuta mvuke wa lehemu yenye risasi ili ang'oe vipande viwili vitatu vya kuuza.

Katikati kuna mkusanyaji, na hapo ndipo hesabu zetu huvurugika. Lori likishashuka mlima Kitonga kuelekea Dar, mzigo unaandikwa kuwa umerejelezwa. Umekusanywa tu. Unaweza kuishia kiwandani, na unaweza kuishia shimoni. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2024 ilitaja tani milioni 62 za taka za kielektroniki duniani kwa mwaka 2022, na zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu rasmi zilikuwa asilimia 22.3. Neno linalonigusa hapo ni kuthibitika. Tangu Januari 2025, chini ya Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa unaosimamia usafirishaji wa taka hatari, taka za kielektroniki za aina zote haziruhusiwi kuvuka mpaka bila ridhaa ya nchi zinakopita na zinakokwenda, kwa hiyo mzigo halali huacha nyayo za karatasi.

Ninachoomba kwa vikundi vya vijana, shule na miradi inayoandika taarifa zake huku kwetu, Mbeya hadi Iringa, ni kidogo. Mliponunua simu mbovu, andikeni kwamba mmekusanya, na mtaje kilo. Mlipofufua redio, andikeni kwamba mmetengeneza. Safu ya urejelezaji iacheni wazi mpaka mpate karatasi ya kiwanda kilichopokea mzigo, inayosema ni nini kilitoka humo.