Rilei siyo fyuzi, na kulia "tik" hakumaanishi ni nzima

Wiki hii nimesikia tena, mara ya tatu sijui ya nne, mtu anasema sentro loki ya gari yake (ile inayofunga na kufungua milango yote kwa pamoja) imekufa kwa sababu "rilei imekata". Jamani, kinachokata ni fyuzi. Fyuzi ni mlinzi, ikizidiwa inajiunguza ili waya zisiungue, rilei haina kazi hiyo kabisa. Rilei ni swichi inayowashwa na umeme badala ya kidole: ndani kuna koili ya waya mwembamba, ukiipa umeme kidogo inageuka sumaku, inavuta kibati, kibati kinagusa ponti (kipande cha chuma cha kugusanisha umeme), na hiyo ponti ndiyo inapitisha umeme mkubwa kwenda kwenye mota. Maana yake ndiyo hiyo tu.

Ila jina lenyewe ukilifuata linakueleza mengi. Limetoka Ufaransa, relais, zamani ilikuwa mbwa wa kuwinda au farasi waliowekwa njiani mapema wakiwa hawajachoka, mjumbe akifika kituoni anashuka kwenye farasi aliyechoka anapanda mwingine, barua inaendelea na safari. Karne ya 19 watu wa telegrafu wakakutana na shida ileile, waya ni mrefu na umeme ukifika mwisho umeshalegea hauwezi kusukuma kitu, na kuanzia miaka ya 1830 wanasayansi kama Joseph Henry wa Marekani wakatumia sumaku ya umeme: ule umeme dhaifu kazi yake ibaki moja tu, kufunga swichi ya betri nyingine iliyo fresh. Farasi mpya, barua ileile. Sisi tukisikia rilei tunawaza mbio za kupokezana vijiti, na ni neno hilohilo, lakini hapo ndipo tunapopotea, kwa sababu kwenye mbio kijiti kinatoka mkono huu kinaingia mkono ule, wakati ndani ya rilei hakuna umeme unaokabidhiwa. Umeme wa swichi unaishia kwenye koili. Umeme wa mota unatoka kwenye betri kwa njia yake. Hizo njia mbili hazigusani, kinachovuka ni amri tu.

Sasa hiyo ndiyo sababu naumia nikimuona mtu ameinamisha kichwa chini ya dashibodi, anabonyeza rimoti, anasikia "tik", anasema rilei iko poa tuangalie kingine. Ile tik ni kibati kimevutwa. Imekuambia koili ni nzima na amri imefika, haijasema chochote kuhusu ponti. Ponti inaweza kuwa nyeusi kama mkaa na tik ikasikika vizuri kabisa. Na hata mita ya kupimia volti inaweza kukudanganya, maana mita inakula umeme kidogo sana, ponti iliyoungua bado itakusomea volti 12, ukiweka mzigo ndiyo inaanguka, kwa hiyo afadhali ujaribu na balbu ya indiketa ya wati 21, ikiwaka kwa uvivu umeshapata jibu.

Na kwenye milango kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui. Mota ya loki ina waya mbili tu, ukiipa umeme upande huu inafunga, ukigeuza inafungua. Kwa hiyo kwa kawaida kuna rilei mbili za miguu mitano, na miguu ina namba za mfumo wa Kijerumani, DIN 72552: 85 na 86 ni koili, 30 ndiyo inayohama, 87 inaguswa koili ikiwaka, 87a inaguswa rilei ikiwa imelala. Kwenye loki, 30 inakwenda kwenye mota, 87 ina umeme wa betri, 87a ina ethi ya bodi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma cha gari. Ukifungua mlango, rilei ya kufungua inaruka kwenda 87, na ethi je? Inatoka kwenye rilei ya kufunga, ile iliyolala.

Jirani yangu gari yake ilikuwa inafunga milango yote ila haifungui hata mmoja. Ni gari ya zamani, rilei zimekaa wazi upande wa miguu ya dereva. Alikuwa ameshanunua rilei mpya ya kufungua, hakuna kilichobadilika, fundi mmoja akamwambia ni shoti maana testa (taa ya kupimia umeme) inawaka kwenye waya zote mbili za mota. Nikamwomba abonyeze tena na tena mimi nimeshika testa, kweli, huku inawaka, huku inawaka, mota imetulia. Lakini shoti ingekata fyuzi. Ule umeme wa upande wa pili ulikuwa umepita ndani ya mota yenyewe ukakosa pa kutokea, yaani ethi haipo. Tukatoa rilei ya kufunga, ile ambayo kila mtu aliiacha kwa sababu "inafunga vizuri", tukafungua kifuniko, ponti ya 87a imeungua hadi imemomonyoka.

Kama ni mlango mmoja tu unaosumbua na mingine inaitika, rilei iache, hiyo ni ya milango yote. Nenda kwenye ule mpira kati ya mlango na nguzo, hasa wa dereva, waya humo zinakunjwa kila mlango ukifunguliwa na hukatika ndani ganda likiwa zima, ivute taratibu mojamoja, iliyokatika inanyooka kama mpira. Na hiyo nayo siyo shoti, ni waya imekatika.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukienda kwa fundi rewaya, yule wa umeme wa magari, usiseme "rilei imekata". Mwambie "rilei inalia ila umeme haufiki kwenye mota", au "inafunga ila haifungui", hapo atajua aanzie wapi na wewe hutanunua rilei ambayo hukuihitaji.