Mizani ina majibu matatu

Jumamosi asubuhi, katika ukumbi wa jamii mtaani Buruburu, msichana wa Gredi ya 7 alipanga mezani sarafu 9 za shilingi 20, ndovu wote wakitazama juu. Moja, tulikubaliana, ni bandia na ni nzito kuliko wenzake. Ruhusa ni kupima mara 2 tu. Mizani haikuwepo: mimi, mwalimu wa hisabati chuoni, ndiye niliyekuwa mizani.

Mpimaji hutaja sarafu za kila kitanga. Mwenzake hujibu: kushoto kumelemea, kulia kumelemea, au sawa. Anayejibu hachagui bandia mapema. Hujibu kwa hila ili zibaki sarafu nyingi za kushuku, mradi asipingane na majibu yake ya awali. Hapo bahati haimwokoi mtu. Nyumbani, vifuniko vya soda vinatosha.

Akaweka 4 kwa 4. Nikajibu kushoto kumelemea. Zikabaki 4, na kupima mara moja hakuzimalizi. Akazikusanya, akaweka 3 kwa 3, na 3 kando. Sikuwa na pa kukwepea: lolote ningejibu zingebaki 3, nazo humalizwa kwa kupima 1 kwa 1. Tumezoea kugawa nusu kwa nusu, lakini iliyokaa nje ya mizani nayo inasema.

Utamu wenyewe uko kwenye sarafu 12 na kupima mara 3, usipojua bandia ni nzito au nyepesi. Mwaka 1946 mwanahisabati Freeman Dyson alichapisha Uingereza suluhisho la jumla la fumbo hili. Hesabu kwanza mashaka: sarafu 12, kila moja huenda ni nzito au nyepesi, ni 24. Majibu ni 3 × 3 × 3, yaani 27. Nafasi ni finyu. Ukianza 5 kwa 5, upande ukilemea yanabaki mashaka 10, na kupima mara 2 hutenganisha 9 tu. Ukianza 3 kwa 3 nikajibu sawa, yanabaki 12. Basi ni 4 kwa 4.

Kushoto kukilemea, weka kando 2 za kulia. Kisha panga upya: kila kitanga kibebe 2 zilizotoka kushoto na 1 iliyotoka kulia. Kila jibu sasa linaacha mashaka 3 au 2. Watoto huchelewa kuiona hatua hii, maana kuhamisha sarafu kunafanana na kuvuruga ushahidi.

Yule msichana aliiona saa sita kasoro. Akaomba tubadilishane: sasa yeye awe mizani.